Meza ya Wakubwa Iliyoingia Majini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalishwa kwenye stuli mbele ya watu kama mtoto anayenyolewa. Mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, na mke wangu akinisikia anauliza kama nimeanza kuchanganyikiwa.

Nilikuwa nimetoka Kondoa, cheti cha useremala kimekunjwa mfukoni, nikaripoti karakana ya idara ya maji pale Dodoma mjini. Karakana, kwa nyie mliozaliwa wakati wa fanicha za kununua, ndipo palipotengenezwa kila kitu cha mbao ambacho serikali ilikihitaji: milango, madawati, vitanda vya zahanati, masanduku ya kubebea vipimo, mifuniko ya visima, na majeneza pia, mtumishi akitutoka. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kipana, ametokea reli, na penseli haikutoka sikioni mwake. Cheti changu hakukitazama. Alinisukumia stuli iliyovunjika mguu akasema neno moja tu.

"Tengeneza."

Nikachonga mguu mpya, nikautia gundi, nikaukaza kwa kabari, nikapiga msasa mpaka ukateleza. Nikampelekea nikijisikia fundi kwelikweli.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Una uhakika?"

"Ninao."

Akapiga makofi. Karakana nzima ikanyamaza, mafundi wakaweka randa zao chini, wakaja kutuzunguka. "Haya," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Akaniambia nijitingishe, nikajitingisha. Akaniambia nisimame juu yake, nikapanda na viatu vyangu vya kuazima. Stuli ikalia kidogo, lakini ikashika.

"Sikiliza, kijana," akasema Mkuu wa Karakana. "Hapa kwangu, anayetengeneza ndiye wa kwanza kutumia. Ukitengeneza ngazi, unapanda wewe. Ukitengeneza kitanda, unakilalia wewe. Kitu unachoogopa kukikalia mwenyewe, usimpelekee mgonjwa wala mwanafunzi."

Mchekeshaji mmoja nyuma akauliza, "Na jeneza je, mzee?"

"Jeneza utaingia zamu yako ikifika. Una haraka gani?"

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nimepita mikono ya wakubwa wengi baada ya hapo, na sheria ile sikuwahi kuiacha nyuma. Pale Mpwapwa, Msimamizi wa Ujenzi alinikuta nimelala chali juu ya kitanda kipya cha zahanati mchana kweupe, akataka kuniandikia barua ya onyo. Nikamweleza. Akanitazama, akatazama kitanda, akasema, "Basi geuka na upande wa pili, tujue yote." Kule Haneti nilisimama katikati ya mfuniko wa kisima nikarukaruka, na akina mama waliokuja kuchota wakawa wananihesabia. Mafundi wenzangu walinitania, wakaniita Bwana Jaribu. Haidhuru. Hakuna mtu aliyewahi kuanguka na kitu changu.

Kuna jambo jingine la ufundi lazima niwaeleze, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyonikuta mwishoni. Mbao ni kitu kinachokunywa. Pakiwa na unyevu inavimba, pakiwa pakavu inasinyaa, na haisinyai kwa urefu bali kwa upana. Sasa Dodoma yetu mnaijua. Mbao inakuja na lori kutoka nyanda za juu ikiwa bado mbichi, ikikaa hapa kiangazi kimoja na upepo wetu huu, inakauka mpaka ukiigonga inalia. Mlango uliofungwa vizuri wakati wa masika, ikifika Septemba unapitisha mkono kati yake na ukuta. Ndiyo maana fundi wa huku anafundishwa kubana. Bana, gonga, bana tena, maana itasinyaa tu. Mkuu wa Karakana akiona mwanga unapita kwenye kiungo anauliza, "Huu ni mlango au ni chekeche?" Mikono yangu ikazoea kubana hata bila kuniuliza.

Miaka ikaenda. Serikali ikahamia kwetu moja kwa moja, mji wa serikali ukaota kule Mtumba, majengo yakawa mengi na vioo vikawa vingi. Fanicha zikaja kwenye makontena, za unga wa mbao uliogandishwa, ukizimwagia chai zinavimba kama andazi. Karakana ikabaki mafundi watatu, kisha wawili, kisha mimi. Kazi yangu ikawa kukaza bawaba na kufungua makabati yaliyopotezewa funguo. Siku ya kuhamisha ofisi za zamani nilikuta wameitoa nje meza ya mkutano ya wakubwa, imelala kwenye vumbi inasubiri kuchomwa. Mkangazi mtupu! Mbao nyekundu, ndefu, nene, imekaa ndani ya chumba kikavu tangu mimi sijaoa. Nikamwendea Afisa Mali, yule anayesimamia vitu vyote vya idara.

"Mzee Athumani, hiyo ni takataka," akasema.

"Basi nipe takataka."

Nikaisogeza kwenye banda langu, nikaifunika turubai. Sikujua ya nini. Fundi akiona mkangazi unataka kuchomwa moyo unamuuma tu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, jua likiwa kali na mvua bado ziko mbali, alikuja bandani kwangu Mhandisi wa Bwawa. Alikuwa binti wa Kinyakyusa kutoka Mbeya, jina lake Atupele, mrefu, mcheshi, mwenye tabia ya kutembea haraka kama anafukuzia basi. Akanisalimia shikamoo kwa kupiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao, kisha akakaa kwenye rundo la mbao bila kupangusa.

"Mzee, wewe umewahi kutengeneza mashua?"

"Mwanangu, mimi ni Mrangi wa milimani. Maji mengi niliyowahi kuyaona kwa karibu yalikuwa ndani ya ndoo."

Akacheka, lakini alikuwa na shida ya kweli. Bwawa lake linanywesha vijiji vingi, na kila mwaka kabla ya mvua lazima apime tope limejaa kiasi gani chini, ili ajue maji yatakayoingia yatakaa wapi. Kazi hiyo inafanyika katikati ya maji, siyo ukingoni. Injini haitakiwi pale, mafuta yakidondoka yanaharibu maji ya kunywa. Kulikuwa na mashua ndogo ya tanga iliyoletwa zamani na wapima maji, bodi yake ya fiberglasi nyeupe, ile plastiki ngumu, lakini ilikuwa imelazwa kwenye banda la pale bwawani miaka mingi.

"Imeharibika nini?"

"Mbao za ukingoni. Zimeliwa na mchwa."

Nikadhani ananitania. Mashua iliyoliwa na mchwa! Hiyo ni Dodoma peke yake, nawaambieni.

"Na sasa hivi unapimaje?" nikamuuliza.

Akatazama viatu vyake. "Tumefunga mapipa ya plastiki kwa kamba, tukaweka ubao juu. Mwezi uliopita yaligeuka."

"Yaligeuka na nani juu yake?"

"Na mimi, mzee."

Aliokolewa na Mzee Ndahani, mlinzi wa bwawa, aliyemshika ukosi na kumvuta. Wakubwa Mtumba walishasema hakuna chombo kipya mwaka huu, na kupima lazima kufanyike. Kwa hiyo binti yule angerudi kwenye mapipa yake, nami ningebaki mjini nakaza bawaba. Nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, nilikasirikia mapipa. Nikainuka, nikavuta lile turubai, vumbi likaruka, mkangazi ukaonekana.

"Tutaanza kesho," nikasema.

Mzee Ndahani alitupokea bwawani na "Mbukwenyi" ya Kigogo na mkono mzito. Ni mtu wa Bahi. Ile miaka ambayo bonde la Bahi linajaa maji alikuwa anavua, na miaka ya ukavu alikuwa anachunga. Umri wetu unalingana, ila yeye anakataa, anasema mimi ni mkubwa. Akanizungusha kwenye mashua.

Nikaiona shida. Watu wanadhani mbao za ukingoni ni pambo. Kwenye mashua ile, ukingo wa bodi pande zote mbili ulikuwa na mfereji, na mbao ilikaa ndani ya mfereji ule kama kioo kwenye fremu, imekazwa kwa skrubu kutoka juu. Na kwenye mbao hiyohiyo ndipo zilipofungwa pete za chuma, na kwenye pete zile ndipo zinapofungwa kamba zinazoshikilia mlingoti. Upepo unasukuma tanga, tanga linavuta mlingoti, mlingoti unavuta kamba, kamba zinavuta mbao. Mbao ikiachia, mlingoti unaanguka na aliye chini yake anaangukiwa. Nikapitisha bisibisi kwenye mbao ya zamani, ikazama mpaka mpini. Ndani mlikuwa udongo mtupu wa mchwa.

Tukafanya kazi. Mbao za meza hazikutosha urefu wa mashua, kwa hiyo nilizikata ncha kwa mshazari mrefu, nikaziunganisha kwa gundi isiyoogopa maji, zikawa kitu kimoja. Shida nyingine ilikuwa kupinda. Ukingo wa mashua umejikunja kwenda mbele, na mkangazi mkavu ukiulazimisha unakatika. Dawa yake ni mvuke. Idara ya maji haina fedha lakini mabomba inayo! Tukachukua bomba refu la chuma, tukaingiza mbao ndani, mwisho mmoja tukaziba kwa magunia, mwisho wa pili tukauelekeza kwenye pipa linalochemka juu ya kuni. Mbao ikikaa humo mpaka imeiva inalegea kwa muda mfupi sana, na muda huo ndio wa kukimbia nayo. Basi wazee wawili wenye magunia mikononi tukakimbia na mbao inayofuka moshi, Ndahani anapiga kelele "Pisha! Pisha!" na hakuna mtu wa kumpisha. Mhandisi alikuwa anasubiri na jiriwa, vile vyuma vya kubania, anabana nasi tunapinda. Ilikubali. Tulikaa chini tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Yule binti hakuwa mtu wa kusimama kando. Alivaa ovaroli akashika msasa, mikono ikamtoka malengelenge, na wakati tunasugua akawa ananiuliza habari za zamani. Ndipo nilipomsimulia stuli ya siku yangu ya kwanza, na kitanda cha Mpwapwa, na sheria ya Mkuu wa Karakana. Akaacha kusugua.

"Kwa hiyo hii mashua..."

"Wa kwanza ni mimi," nikasema.

"Mzee, unajua kuogelea?"

"Kuogelea nitajulia wapi? Kondoa?"

Ndahani akasema kwamba hakuna atakayenilaumu. Mkuu wangu wa Karakana alishafariki, nimebakiza muda mfupi nistaafu, yeye ataijaribu mwenyewe. Alisema kwa wema. Jioni nikamwambia mke wangu, Mama Zuhura, nikitumaini atanikataza, nipate pa kujifichia. Akasema, "Wewe ambaye ukioga tu unashika ukuta? Mashua?" Kisha akanipakulia mlenda. "Lakini yule binti wa watu ataingia humo?"

"Ataingia."

"Basi na wewe ingia."

Sikuwa na pa kujifichia tena.

Mbao zikaingia kwenye mfereji wake. Nilizibana, wanangu, kama nilivyofundishwa. Nyundo ya mbao, tako tako, mpaka usingeweza kupitisha hata ukucha kati ya mbao na bodi. Skrubu zikazama, juu yake nikaziba kwa vizibo vidogo vya mkangazi uleule, nyuzi za mbao zikielekea upande mmoja, ukipapasa husikii kitu. Nikapaka vanishi. Ikang'aa ile mashua! Mhandisi akaipiga picha akazirusha kwenye simu, na Mkurugenzi Msaidizi, mkubwa wetu wa Mtumba, akapiga kusema anakuja kesho yake kuiona ikielea.

Nilifurahi. Nilitaka kesho hiyohiyo nipande, nishuke, nimalizane na hofu. Lakini Ndahani akagoma.

"Haijanywa," akasema.

"Nini haijanywa?"

"Mashua. Kwetu Bahi, chombo kilichopigwa mbao mpya hakipandwi na mtu mpaka kimekaa majini kwanza, kimefunikwa magunia mabichi, kimekunywa kikashiba."

Nikapandwa na hasira. "Mzee mwenzangu, hiyo ni mitumbwi yenu ya magogo. Hii bodi ni fiberglasi, haivuji! Itakunywa nini?"

"Mimi sijui fiberglasi. Haijanywa, haipandwi."

Mhandisi akasimama katikati yetu. Mkubwa anakuja kesho, mashua inang'aa, na mlinzi wa bwawa amekalia kamba ya kuifungia hataki kuondoka. Nikamwangalia binti yule nikidhani atasimama na mimi. Akasema taratibu, "Mzee Ndahani ndiye aliyenitoa majini. Akisema isubiri, itasubiri." Akampigia Mkurugenzi Msaidizi akamwomba aje siku nyingine. Nilisikia sauti ya mkubwa kwenye simu, haikuwa tamu. Mimi nikaenda kulala nimenuna, sikumuaga mtu.

Tuliiacha imeegeshwa kwenye kina kifupi, magunia mabichi juu ya ukingo, Ndahani akiyamwagia maji mara kwa mara kama mtu anayemwagilia mchicha. Siku chache baadaye nikafika asubuhi. Ndahani alikuwa ananisubiri ufukoni. Aliinua gunia tu.

Ee Mungu wangu! Mbao ilikuwa imeinuka. Imevimba kwa upana, haina pa kwenda kwa sababu mimi mwenyewe niliibana, ikajikunja juu ikatoka mferejini. Vizibo vyangu vizuri vilikuwa vimetemwa, vinaelea kwenye maji. Nikashika pete ya kamba ya mlingoti, ile ya upande wa kulia, nikaivuta kwa mkono mmoja. Ikaja na skrubu zake mkononi mwangu, kama jino la mtoto.

Nikakaa chini kwenye tope. Nikawa naliona moyoni tanga limejaa upepo wa Dodoma, yule binti kashikilia kamba ya kupimia katikati ya bwawa, na pete hii inang'oka. Maisha yangu yote nilikuwa natengeneza vitu vya nchi kavu, vitu vinavyosinyaa. Hiki kilikuwa kitu cha kwanza kutoka mikononi mwangu kitakachovimba, nami nikakifanyia vilevile.

Mnadhani nilisikitika? Kidogo. Ila zaidi nilisikia mzigo unanishuka mabegani, maana uharibifu ule wote ulikuwa umetokea hapa, ufukoni, bila mtu ndani. Nikamshika Ndahani mkono.

"Nilikutukana moyoni," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Nilikusikia."

Tukang'oa zote. Tukaziacha zitulie, nikazipiga randa kila upande, nikaacha nafasi ya unene wa ukucha kati ya mbao na bodi. Mkono ulikuwa unanikatalia, nawaambia kweli. Mkono uliozoea kubana ukiambiwa uachie unaona kama unaharibu kazi. Kwenye nafasi ile nikajaza silikoni, ambayo ni laini, mbao ikivimba inaisukuma na ikisinyaa inaifuata. Pete za kamba sikuziamini tena kwa skrubu. Nikatoboa mpaka upande wa pili, nikatia bolti ndefu na bati pana chini yake, nikakaza nati. Mashua ikanyweshwa tena. Safari hii Ndahani alipoinua gunia, mbao ilikuwa imekaa mahali pake imetulia, vizibo vyote ndani. Nikavipapasa kimoja kimoja.

Mkurugenzi Msaidizi akaja na gari lake na viatu vyake vya kung'aa. Akauliza nani anapanda kwanza. Mhandisi akanitazama.

"Mimi, mheshimiwa," nikasema.

Wakanivisha jaketi la kuokolea, la rangi ya chungwa, likanibana kwenye kitambi. Ndahani akashika usukani. Mimi nikakaa chini kabisa, mikono miwili kwenye ukingo wangu wa mkangazi, nikaanza kusoma kila aya ninayoijua na nyingine nikairudia. Tanga likapanda. Mnaujua upepo wetu wa kiangazi, haupigi hodi. Ukalikamata tanga kwa mkupuo, mashua ikalala ubavu, maji yakaja karibu na pua yangu, nikapiga kelele ambayo mpaka leo Ndahani ananiigizia. Kamba za mlingoti zikakaza mpaka zikalia. Macho yangu yalikuwa kwenye pete ile ya kulia. Mbao ikatoa mlio mfupi, kama ile stuli ya siku ya kwanza, halafu ikanyamaza.

Ilishika.

"Pumua, Athumani," akasema Ndahani. "Utakufa kwa kutopumua, siyo kwa maji."

Nikapumua. Tukavuka mpaka upande wa pili, tukageuka, upepo ukatulaza ubavu mwingine na pete ya kushoto nayo ikashika. Hapo kitu kikaniachia kifuani. Nikaanza kucheka, na machozi yakawa yananitoka, Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, nikasikia sauti yangu inarudi kutoka kwenye vilima. Nikautazama ukingo ule mwekundu unang'aa kwa maji, nikakumbuka wakubwa wote waliowahi kuweka viwiko vyao juu ya mbao ile wakisinzia mikutanoni. Sasa ilikuwa na kazi.

Tulipofika ufukoni Mhandisi alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, kaja kutupokea. Hakunipa hata mkono wa kushukia.

"Toka, mzee," akasema, huku anacheka na macho yamelowa. "Zamu yangu."

Akapima bwawa lote kabla mvua hazijaanza. Yale mapipa Ndahani aliyafungua kamba akayapeleka nyumbani, yanawekewa maji ya kufulia.

Nilistaafu mwezi uliofuata. Nimesikia wastaafu wengi wakisema kustaafu kunauma. Mimi sikuumia. Niliamka siku ile nikiwa mwepesi, kwa sababu niliitazama kazi yangu kutoka mwanzo mpaka mwisho na sikuona mtu aliyelala ndani yake akaumia. Nilikuwa nimekaribia kumwona mmoja, mwishoni kabisa, na sikumwona. Namshukuru Mungu, na namshukuru mkaidi mmoja wa Bahi. Vijana mnaoanza kazi, siwezi kuwafundisha mashine zenu. Ila mkipewa kazi msiyoizoea, mtafuteni anayezijua tabia za mahali pale, na akigoma, msinune kama nilivyonuna mimi.

Sherehe ya kuniaga ilifanyika Mtumba, kwenye chumba chenye kiyoyozi na meza za unga wa mbao. Mkurugenzi Msaidizi akatoa hotuba, nikapewa blanketi na saa ya ukutani, Mama Zuhura akavishwa khanga. Ndahani alikuja na suti ya kuazima. Nilidhani tumemaliza, nikawa namtafuta anayegawa soda.

Mlango ukafunguliwa, Mhandisi akaingia amebeba stuli. Ya mkangazi. Nikaujua ule wekundu hata kabla hajaiweka chini. Ni vipande vilivyobaki vya meza. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe, jioni baada ya kazi, na vidole viwili vilikuwa na plasta. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo, niliuona tangu mlangoni. Watu wakapiga makofi wakasema, "Akae! Mzee akae!" Nami kwa heshima nikainuka, nikaisogelea, nikashika suruali nikae.

"Subiri, mzee," akasema.

Akavua viatu vyake vya visigino. Mbele ya Mkurugenzi Msaidizi na wakubwa wote, akakaa yeye kwanza juu ya stuli ile, na sketi yake ya ofisi. Akajitingisha. Akasimama juu yake, mikono kaitandaza kama mtu kwenye mashua. Stuli ikayumba kwenye ule mguu mfupi, ikalia kidogo, ikashika.

Akashuka. Akaipangusa kwa kiganja.

"Haya, mzee," akasema. "Kaa."

Nikakaa.